Mkono wa Pili

Wamekubali! Jamani, wamekubali, na mimi nimepiga mayowe mpaka mama akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza nani amefariki. Hakuna aliyefariki, Mama. Ni kiamshi changu. Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kazi yangu ya miezi kumi na moja imeingia Msaragambo. Na siyo pembeni kule kwenye majaribio ya wanafunzi. Imeingia kwenye shina lenyewe!

Ngoja nitulie nieleze, maana mama naye alibaki amesimama pale pale, povu linamtiririka, anasema, "Haya, kiamshi ndiyo nini?"

Ukiamka asubuhi, Mama, kabla hujajua unaitwa nani, kuna kitu ndani yako kinapapasa kwanza. Miguu ipo? Ipo. Macho? Yapo. Haya, amka. Mashine nayo ina kitu hicho, na ndicho kiamshi. Kinaangalia pampu ipo, kichujio kipo, kisha ndiyo kinauamsha mfumo mzima. Na mfumo wenyewe ni Msaragambo, ambao hauna mwenyewe. Kama ule msaragambo wa kuzibua mifereji: baragumu inalia, kila mtu anatoka na jembe lake. Huku kila mtu anatoka na mstari wake. Ndio unaoendesha viti vya waya vinavyotupandisha mlimani, ndio unaoendesha mapanga ya upepo kule juu, na ndio unaoendesha figo za ukutani, zile mashine za kuwasafishia wagonjwa damu majumbani, mia mbili na kumi na mbili, kutoka Miamba mpaka bondeni.

Sasa hicho kiamshi kilikuwa na miaka thelathini na moja. Maagizo yake yaliandikwa kwa lugha ya rundo. Unapanga vitu kama sahani chafu. Ukitaka ya chini, lazima utoe za juu kwanza, na ukitaka kuelewa unaanza kusoma mwisho. Mlima mzima watu waliobaki wanaoisoma ni wawili. Mmoja ana miaka sabini na minne. Wa pili ni mimi, na nilijifunza kwa hasira. Siku kitu kikiharibika mle ndani na yule bibi amelala usingizi wa mwisho, figo mia mbili na kumi na mbili zinageuka makabati. Kwa hiyo nimeyang'oa yote na kuyaandika upya kwa Nyoofu, lugha inayosomwa kuanzia juu kwenda chini kama barua. Mistari elfu mbili mia nne imekuwa mia saba.

Na katika kung'oa nikautoa na mkono wa pili.

Hapo ndipo wengi wananishika mkono barabarani kunishukuru. Figo ya zamani ilikuwa haianzi kuvuta damu mpaka kibao chake kiguswe na mikono miwili ya watu tofauti: wa mgonjwa, na wa mtu mwingine yeyote. Kwenye lugha ya rundo ni maneno manne tu: *mkono mkono tofauti? amka*. Pembeni yake pameandikwa "usiguse", basi, hakuna sababu. Kulikuwa na barua sitini na moja za wagonjwa waliochoka kumtafuta mtu wa kugusa kibao mara tatu kwa wiki. Kwenye Nyoofu sikuyaandika hayo maneno manne. Yalikufa bila hata kuzikwa.

Ukaguzi ulipita vizuri. Msaragambo tuna sheria yetu: kazi yako haikaguliwi na rafiki yako, atakuonea haya, wala na adui yako, atakuonea kweli. Anakagua mtani wako. Mimi ni Nakunda Mbwambo, Mpare wa Miamba, kwa hiyo nilipewa Mchaga, Aikaeli, anayekaa Rombo na ambaye sijawahi kumwona miguu, kila siku ni kichwa kwenye kioo. Akiona hatari anaandika "simama", na kazi inasimama. Aikaeli hakuandika simama. Aliandika hivi:

"Wewe Mpare, ubahili wenu sasa umevuka mpaka. Umebana mistari, sawa. Na watu nao umewabana? Jirani wa watu alikuwa anakula umeme kiasi gani?"

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nikamjibu, "Mchaga, jirani hauziki, wewe unamtakia nini?"

Akaweka uso unaolia kwa kicheko. Tukaendelea.

*

Kiamshi kipya kilianza kwenye figo arobaini tu, za majaribio, kwa siku kumi. Kikitulia, Jumatatu saa nne naachia mlima mzima. Siku ya kwanza nilipanda kiti cha waya nikaenda kwa Mama Eliakimu, aliyeandika barua tano kati ya zile sitini na moja. Nyumba yake iko juu ya mashamba ya tangawizi, mahali ambapo ukungu unaingia ndani bila hodi. Eliakimu mwenyewe yuko kwenye mitambo ya baharini, anarudi mara moja kwa mwaka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu, pita, pita uone!" Alikuwa ameshavaa gauni la kanisani. Akajiunga mirija mwenyewe, akaweka kiganja kwenye kibao. Kiganja kimoja. Figo ikanguruma, ikawaka kijani.

Yule mama alilia. "Unajua nilikuwa nafanyaje? Nasimama pale njiani. Mtu mzima, nasimama njiani kama nauza karanga, nasubiri apite mtu nimwombe aje anigusie kibao. Mwezi wa tano alipita kijana wa mbolea, akaona mirija, akaogopa damu, akakimbia! Nikakosa mara mbili mfululizo. Miguu ikavimba hivi." Akanionyesha kwa mikono, kama mtu anayepima boga. "Leo sijamwomba mtu. Umesikia? Sijamwomba mtu."

Nilishuka mlima nikiimba. Abiria wa kiti cha nyuma akaniambia nipunguze sauti.

*

Jumanne iliyofuata Aikaeli alinipigia.

"Nakunda," alisema.

Tangu nimjue hajawahi kuniita jina langu. Mimi ni Mpare, ni bahili, ni binti wa mahakamani, maana Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi.

"Mwalimu Mrutu, namba kumi na saba kwenye majaribio yako. Presha ilishuka akiwa kwenye figo. Figo ikasimama yenyewe, ikapiga kengele. Hakukuwa na mtu. Amelala pale saa nzima na dakika ishirini, mpaka mwenye maziwa alipogonga."

"Amekufa?"

"Yuko zahanati. Anaongea. Lakini Nakunda, umewahi kuisikia hiyo kengele?"

Sikuwahi. Nilikwenda kwenye figo ya mazoezi pale karakana nikaipiga. Jamani. Ni kama saa ndogo ya mezani chini ya mto. *Tii, tii.* Kwa miaka thelathini na moja ilikuwa inajua kuna mtu ndani ya chumba, sasa ipige kelele ya nini? Niliutoa mkono wa pili, kengele nikaiacha ilivyo. Yaani nilibomoa ukuta bila kuangalia paa limeegemea wapi.

"Kwa nini hukuandika simama?" nilimuuliza Aikaeli.

"Nilikuambia! Nilikuambia umewabana watu."

"Ulinitania!"

"Ndiyo! Mtani anasemaje ukweli, kwa barua yenye mhuri? Na mimi nilicheka jibu lako. Nikafikiri umeelewa, ila umeamua. Tugawane hii, nusu yako, nusu yangu."

Zahanati nilimkuta Mwalimu Mrutu amekaa kitandani, anasahihisha tangazo la ukutani kwa kalamu. Uso umepauka lakini kalamu iko imara.

"Usije na machozi hapa," alisema. "Kosa ni langu. Kristofa, jirani yangu, amekuwa akikaa na mimi kwenye figo miaka kumi na tisa. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Anakuja na bao lake, ananifunga, anaondoka. Mashine yako ilipokuja nikamwambia, Kristofa, pumzika sasa, mambo yamekuwa ya kisasa."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema sawa. Ulitaka aseme nini? Aombe kuja?"

Nikarudi kuangalia kumbukumbu za figo zote arobaini. Wiki moja kabla ya kiamshi changu, hakuna hata mmoja aliyesafishwa damu peke yake. Isingewezekana. Wiki hii, thelathini na moja walikuwa peke yao. Majirani hawakugombana na mtu. Waliacha tu kuja, kwa sababu hakuna kilichowaita.

Wasimamizi wa shina wakaniandikia mstari mmoja: *Aliyelima ndiye anayepalilia. Jumatatu saa nne, ukiachie kiamshi kipya au ukirudishe cha zamani. Amua wewe.*

Nikirudishe cha zamani, Mama Eliakimu arudi njiani. Nikiachie kipya, Mwalimu Mrutu arudi sakafuni. Kati ya hapo nilikuwa na siku tano.

*

Bi Namcheja Mfinanga, yule wa miaka sabini na minne, ndiye aliyeandika kiamshi cha kwanza. Nilimkuta barazani anachambua tangawizi, nzuri huku, zilizooza kule, na zilizooza anazirushia bata. Nilitegemea anirushie na mimi moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniua?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Umechelewa. Ile lugha ilishaniua mimi zamani. Kaa chini, shika kisu."

Nikashika kisu. Nikamuuliza lile swali lililonichoma tangu Jumanne: kwa nini aliweka mkono wa pili? Nilikuwa nimejiandaa kwa neno zito, labda kuna mtu wake alimpoteza, labda aliota ndoto.

"Nafasi," alisema.

"Nafasi gani?"

"Nafasi, mtoto! Kile kidude cha kiamshi kilikuwa kidogo kama ukucha. Kengele ya maana, ya kuita nyumba za jirani, ilitaka maneno mia mbili. Sikuwa na pa kuyaweka. Nikasema, badala ya kuandika kengele, niweke mtu. Mtu anachukua maneno manne." Akacheka, jino moja likang'aa. "Nilitaka kuja kurekebisha mwaka uliofuata. Nikapata ng'ombe."

"Basi? Ng'ombe?"

"Ng'ombe ni kazi kubwa. Nikaja kugeuka, watu wameshazoea. Wanakuja na vitambaa vya kufuma, wanakuja na umbea. Ndoa tatu ninazozijua zimetoka pembeni ya zile figo. Mchungaji akahubiri kuhusu mkono wa pili, mimi nimekaa benchi la nyuma najua ni uvivu wangu anaouhubiri."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Kisha nikamwambia kuhusu Mama Eliakimu anayesimama njiani. Mikono yake ikasimama.

"Huyo sikumjua," alisema taratibu. "Nililazimisha watu miaka thelathini na moja kwa sababu ya kidude kidogo kama ukucha, na huyo ndiye aliyelipa."

"Nimewaza nimuulize mgonjwa mwenyewe. Kioo kimwandikie: leo unataka mtu? Akisema ndiyo, figo iite. Akisema hapana, ianze."

Bi Namcheja aliniangalia kama tangawizi ya upande wa bata.

"Umezaliwa mlima huu kweli? Nani atasema ndiyo? Mwalimu Mrutu? Mtu wa huku ukimuuliza kama anahitaji msaada atakuambia hapana huku maji yako kidevuni. Baragumu ya msaragambo ikilia, kuna mtu anaulizwa kama mfereji wake umeziba?"

"Hapana."

"Inalia tu. Atakayekuja atakuja. Menya hiyo, unakata nyama yote."

*

Sikulala vizuri siku nne lakini nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu nilijua. Unajua ile kujua ambayo vidole vinatangulia? Kwenye lugha ya rundo nisingeweza. Kwenye Nyoofu ilichukua mistari thelathini na minane.

Inakwenda hivi. Mgonjwa akiwasha figo, baragumu inalia kwenye nyumba tano za karibu, kupitia kile kipaza sauti cha mita ya umeme ambacho kila nyumba inacho. Figo inasubiri dakika kumi na tano. Ukija mkono wa pili, inaanza papo hapo. Usipokuja, inaanza vilevile. Hakuna atakayekosa damu safi kwa sababu jirani amenuna. Na presha ikishuka, ile *tii, tii* imekwenda na maji. Sasa nyumba zote tano zinapigiwa pembe mpaka mtu afike.

Aikaeli alikagua mstari kwa mstari. Safari hii tulikubaliana: matusi kwanza, halafu mstari mtupu, halafu ukweli.

"Mpare, umepata mashine ya kuwashitaki majirani bila wakili," aliandika. Mstari mtupu. "Siri ya mgonjwa je? Kuna mtu hataki nyumba tano zijue anaanza saa ngapi."

"Mlima huu nani hajui nani ana figo ukutani?"

"Kujua ni kujua. Kupigiwa pembe ni kitu kingine. Mimi nisingetaka."

Alikuwa na haki, na iliniuma, kwa sababu nilishaipenda kazi yangu kama ilivyo. Nikaongeza mistari sita. Mgonjwa anaweza kuizima baragumu, lakini kwa siku ile tu. Kesho yake inalia tena mpaka aizime tena kwa mkono wake. Hakuna kitufe cha kuizima moja kwa moja. Wanaosema huko ni kumsumbua mgonjwa, nakubali, ni kumsumbua. Nimeamua. Kati ya kumsumbua mtu kila siku na kumsahau mara moja, nachagua kumsumbua.

Aikaeli akarudisha jibu: "Sijaandika simama, na hapa sitanii."

*

Jumatatu saa nne kamili niliachia mlima mzima, mia mbili na kumi na mbili, nikiwa sebuleni kwa Mama Eliakimu. Nilikuwa nimemweleza yote, na gauni la kanisani hakulivaa.

"Kwa hiyo umenirudishia aibu," alisema akijiunga mirija. "Zamani nilikuwa nasimama njiani mwenyewe. Sasa umenipa na tarumbeta."

"Unaweza kuizima, Mama. Bonyeza hapa."

Alikitazama kile kitufe. Kidole kikaenda, kikarudi. "Acha ilie," alisema. "Waione aibu na wao."

Akaweka kiganja. Saa nne na robo, baragumu ikalia bondeni, nyumba moja, ya pili, mpaka ya tano, kila moja imechelewa kidogo kuliko mwenzake. Bata wakajibu. Kisha kimya.

Dakika tano. Kumi. Mkono wangu ulikuwa unaniwasha kugusa kibao, lakini mimi ni mtengenezaji. Nikigusa mimi nitajidanganya mwenyewe. Nikaukalia mkono. Mama Eliakimu alikuwa anaangalia mlango kwa namna ambayo hukutakiwa uione. Dakika ya kumi na tano figo ikanguruma, ikawaka kijani. Ikaanza na mkono mmoja.

"Sikukuambia?" alisema, akageukia ukuta.

Damu yake ilikuwa inasafishwa, na hilo nililitaka, na jamani, ilikuwa haitoshi kabisa. Nilikaa nikijiambia kwamba mashine inaweza kumwita jirani, haiwezi kumzaa.

Saa nne na dakika thelathini na saba mlango ulisukumwa. Alisimama mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mrama, viatu vimejaa udongo wa shambani.

"Yonazi!" Mama Eliakimu alitaka kuinuka, mirija ikamkumbusha. Akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata bata waliisikia: "Huyo tuna kesi! Mwaka wa sita! Amekula mpaka wangu hatua mbili!"

"Hatua moja na nusu," alisema Mzee Yonazi. "Na sijaja kwako. Nimekuja kuuliza hiyo pembe italia mpaka lini."

"Imeshanyamaza kitambo."

"Nilikuwa natafuta viatu."

Akaingia hatua moja. Nadhani ndipo alipoona mirija, damu inavyotoka nyekundu na kurudi nyekundu, na yule mwanamke wa mahakamani akiwa mdogo kwenye kochi na soksi za mwanawe miguuni. Akavua kofia.

"Hii kitu inachukua muda gani?"

"Saa tatu."

"Saa tatu zote unakaa hapa peke yako?"

Mama Eliakimu akaikazia macho figo.

Mzee Yonazi akavuta kigoda, akakaa, akaangalia kila kitu isipokuwa yeye. "Kesi iko palepale," alisema.

"Iko palepale. Sogea huku, huko unaniziba mwanga."

Akasogea. Kisha akanigeukia mimi, amenyoosha kiganja chenye udongo, na figo imeshaanza dakika saba, haihitaji kitu kutoka kwa mtu yeyote.

"Binti," alisema, "mimi naweka wapi mkono?"

Nikamwonyesha.